Kiti cha mtoto cha kubana mezani, kiti kirefu au mkeka? Meza yako ndiyo yenye jibu

Mtoto akikaribia miezi 6, simu ya mzazi inaanza kujaa picha za viti. Kuna kile kidogo cha kitambaa kinachobana kwenye ukingo wa meza, miguu ya mtoto ikining'inia hewani. Kuna kirefu cha miguu minne chenye sinia mbele. Kuna cha plastiki kinachofungwa kwa mikanda juu ya kiti cha watu wazima. Muuzaji wa mtandaoni atakwambia vyote vinafaa nyumbani kwako. Shangazi atakwambia hakuna hata kimoja kinachohitajika, kwani wewe mwenyewe ulilishwa kwenye kiti gani? Kila mmoja ana lake la kweli, ila hakuna kati yao aliyeiona meza yako.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa nyumba nyingi za kwetu, kiti kirefu chepesi ambacho miguu yake inachomoka ndicho kiti cha kila siku. Kile cha kubana ni kizuri sana, pengine kizuri kuliko vyote, lakini kwa mwenye meza inayokistahili. Wasio na meza ya namna hiyo ni wengi kuliko wanavyodhani.

Kiti cha kubana kinashikaje?

Kiti hiki hakina mguu hata mmoja. Kina mikono ya chuma inayolala juu ya meza, na mabano yanayoingia chini yake. Mtoto akikaa, uzito wake unavuta kiti kwenda chini upande wa nje. Mikono ya juu inakandamiza ukingo wa meza, na kwa chini mabano yanasukuma ubao kwenda juu. Ndiyo maana kikiwekwa sawasawa, mtoto akizidi uzito kinazidi kukaza. Modeli nyingi hukazwa kwa skrubu kubwa za kuzungusha kwa mkono, mbili, moja kila upande. Nyingine zina mikono inayojibana yenyewe kwa uzito wa mtoto. Mimi napendelea za skrubu, kwa sababu mkono wako unahisi pale ilipokaza. Ile ya kujibana inakuomba uiamini tu.

Uzito wa mtoto wenyewe si tatizo kubwa. Viti vingi vya aina hii vimeandikwa kikomo cha kilo 15. Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa uzito wa kati anatimiza mwaka akiwa na kilo 9.6 na wa kike kilo 8.9, na akifika miaka 3 bado wote wako chini ya kilo 15. Kwa mizani peke yake, kiti kimoja kingemtosha mtoto tangu uji wa kwanza hadi anapoanza chekechea. Kinachokifupisha maisha ni tabia: mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyegundua kwamba anaweza kusimama ndani ya kiti.

Tatizo kubwa ni kwamba ule uzito wote umening'inia nje ya meza. Meza nayo inataka kuinama upande huo. Kama ina miguu minne kwenye pembe, mguu uko karibu na ukingo, kwa hiyo meza inabaki imetulia. Kama ni ya mviringo yenye mguu mmoja katikati, ukingo uko mbali na mguu, na mtoto wa kilo 10 akijirusha mbele na nyuma anatosha kuiyumbisha. Kama ni ile meza ya plastiki ya bustanini, ambayo unaibeba kwa mkono mmoja, usiijaribu hata kwa dakika moja.

Jaribio ni rahisi na halihitaji kununua chochote. Nenda kwenye ukingo ambapo mtoto angekaa, katikati ya upande mrefu, si kwenye kona. Ondoa vyombo vyote, maana sufuria ya wali upande wa pili inaidanganya meza. Weka viganja viwili ukingoni, nyoosha mikono, kisha lalia kwa uzito wako mpaka visigino vyako vianze kuwa vyepesi. Angalia miguu ya upande wa pili. Ikinyanyuka hata unene wa kadi, au ukisikia mbao zinalia kwenye maungio, hiyo meza si ya kiti cha kubana. Usibishane nayo.

Ikipita hapo, chutama uangalie chini. Hapa ndipo meza nyingi za mafundi wetu zinapokataa. Meza ya mninga au mkongo iliyotengenezwa na maseremala wa Keko, Dar es Salaam, ni nzito, haiyumbi, ungedhani ndiyo yenyewe. Lakini chini ya uso wake kuna ubao unaozunguka meza nzima kuunganisha miguu, na mara nyingi umeshuka sentimita kadhaa, umbali mfupi tu kutoka ukingoni. Bano linahitaji sehemu bapa ya kukamata, na linagonga ule ubao kabla halijaingia vya kutosha. Pima vitu viwili: unene wa ukingo, na umbali kutoka ukingoni hadi kwenye ubao huo. Kisha linganisha na vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi au kwenye kitabu cha maelekezo. Kila modeli ina vyake na tofauti ni kubwa: zipo zilizokusudiwa meza nyembamba za nyumba za ghorofa za Ulaya, na zipo zinazomeza ubao wa sentimita 8 au 9. Muuzaji akikujibu "inaingia meza zote", ujue hajapima hata moja. Halafu kuna zile kingo zilizochongwa maua au kuviringishwa. Zinapendeza, ila mpira wa bano hauna pa kukaa.

Kioo ni hapana, bila mjadala. Hata kile kioo kinachowekwa juu ya meza ya mbao ili isichubuke ni hapana, kwa sababu mikono ya kiti itakuwa imelalia kioo kinachoweza kuteleza au kupasuka. Meza inayorefushwa kwa kuvuta kipande nayo ni hapana kwenye kipande hicho. Na vitambaa: meza zetu hazikai uchi. Kuna kitambaa cha kufuma, juu yake nailoni yenye maua, wakati mwingine na vijamvi vya sahani. Kiti cha kubana kinataka ubao mtupu, mkavu, usio na mafuta. Kama kila mlo itabidi uvue meza nguo kisha uivishe tena, jiulize kwa ukweli ni siku ngapi utafanya hivyo kabla ya kuanza kubana juu ya nailoni.

Jambo la mwisho kwenye kiti hiki ni miguu ya mtoto. Inapaswa ining'inie bila kufika kwenye kitu chochote. Akipata mguu wa meza, au kiti kilichosukumwa chini yake, atakanyaga na kujisukuma juu, na hapo anafanya kinyume cha ule uzito unaokaza mabano. Wapo wazazi wanaoweka kiti cha mtu mzima chini ya mtoto "ili akianguka asifike sakafuni". Nia ni njema, lakini wamempa ngazi.

Kiti kirefu

Kiti kirefu hakijali meza yako ni ya nini. Kinasimama chenyewe, jikoni, kibarazani, mbele ya televisheni kama mambo yamefika huko. Ukiwa unakaanga vitunguu unamsogeza mtoto mahali unapomwona na moto haumfikii. Hili la kusogezwa linasemwa kidogo kwenye matangazo, na ndilo linaloamua mambo katika nyumba ambayo chakula kinapikwa sehemu moja, kinaliwa nyingine, na umeme ukikatika kila mtu anahamia nje.

Gharama yake ni nafasi. Miguu lazima itanuke kuliko kiti ili kisipinduke, kwa hiyo kinakula sakafu. Katika chumba na sebule, kiti kirefu ni samani nyingine kamili, na watu wazima watakipiga vidole vya miguu usiku. Ndiyo maana natilia mkazo miguu inayochomoka. Mfano unaojulikana zaidi ni Antilop ya IKEA: bakuli jeupe la plastiki na miguu minne ya chuma inayotoka bila bisibisi, kikomo kilo 15. IKEA haina duka Afrika Mashariki, kwa hiyo vinavyofika huku vinakuja kwenye mizigo ya ndugu au kwenye makontena, na zipo nakala nyingi za muundo huo zenye ubora wa kila aina. Kasoro yake ni kwamba haina pa kukanyagia. Mtoto mwenye pa kuweka nyayo anakaa wima kwa utulivu na mikono yake inabaki huru kushika chakula. Anayening'iniza miguu anachoka haraka na kuanza kujipinda. Viti vya kubana vina kasoro hiyohiyo, na kwenye hivyo haitibiki, kwa sababu nilizotaja hapo juu.

Kiti kirefu nacho kinaanguka, tusidanganyane. Kinaanguka mtoto anapoweka nyayo kwenye ukingo wa meza na kujisukuma nyuma, au kaka yake anapodandia ili aone kilicho kwenye sinia. Kiweke ama karibu kabisa na meza ama mbali kabisa, si katikati ambapo miguu inafika. Na mkanda ufungwe, pamoja na ule unaopita katikati ya mapaja, maana mtoto hatoki kwa juu tu; huteleza chini ya sinia, akabaki amening'inia kwa kidevu. Sinia si mkanda.

Kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaisemi, nayo ni fundi seremala. Kama unaishi Dar es Salaam unajua njia ya Keko. Nairobi wapo wa kando ya Ngong Road. Kiti cha mbao cha mtoto si kazi ngumu kwa fundi mzuri, na kinakaa miaka, mtoto wa kwanza hadi wa nne. Ukimpelekea picha ya Tripp Trapp, kile kiti cha Kinorwe alichobuni Peter Opsvik mwaka 1972 chenye kikalio na ubao wa miguu vinavyosogezwa mtoto anavyokua, ataelewa wazo mara moja. Lakini picha haimwambii vipimo. Mwambie miguu ya chini itanuke kupita kikalio pande zote, mbele na nyuma pia. Atakujibu, "Itachukua nafasi, mama." Mwambie ichukue. Mwambie aache matundu ya kupitishia mkanda kwenye mgongo na kwenye kikalio, na aweke kigingi katikati ya mapaja. Vichwa vya misumari vizame, kingo zipigwe msasa mpaka kitambaa cha kanga kipite bila kunasa. Sisitiza skrubu na gundi badala ya misumari mitupu, kwa sababu kiti cha mtoto hutikiswa kila siku na misumari hulegea. Rangi au vanishi ikauke kabisa kabla mtoto hajakalia, maana ataitafuna.

Cha kufunga juu ya kiti cha watu wazima

Hiki sina mengi ya kusema. Kinafaa pale kiti cha mtu mzima kilipo kizito na mgongo wake umenyooka, na kinafaa zaidi kwa mtoto wa mwaka na kuendelea. Mikanda miwili: mmoja uzunguke mgongo wa kiti, mwingine kikalio. Kikiwa na mkanda mmoja tu, kiache dukani. Juu ya kiti cha plastiki chepesi kinageuka hatari kuliko vyote, kwa sababu umemwinua mtoto juu ya kitu ambacho upepo wa kibarazani unaweza kukisogeza. Na usikifunge kwenye sofa kwa kuwa linaonekana laini. Kinazama upande mmoja.

Na mkeka?

Shangazi alikuwa na hoja. Nyumba nyingi za Pwani, Zanzibar na bara pia zinakula chini: mkeka, sinia katikati, kila mtu na upande wake. Kwa familia ya namna hiyo, kiti cha kubana hakina pa kubana, na kiti kirefu kinampandisha mtoto juu ya wenzake, akawa anatazama vichwa vya watu badala ya mikono yao. Mtoto anajifunza kula kwa kutazama. Akikaa usawa wa sinia anaona dada anavyofinyanga tonge, naye anajaribu.

Hapo chaguo la kweli ni kati ya kumpakata na kumweka kwenye kiti kifupi cha sakafuni chenye mgongo na mkanda. Kumpakata kunafaa sana mwanzoni, ilimradi mgongo wake umenyooka na hajalazwa nyuma kama anayenyonyeshwa. Chakula kizito na kichwa kilichoinamia nyuma haviendi pamoja, mtoto atapaliwa. Tatizo la kumpakata ni kwamba mikono ya anayempakata haiko huru, na mara nyingi ni mama huyohuyo ambaye hajala. Kiti kifupi kinamrudishia mama mikono yake. Wapo wanaomweka mtoto kwenye beseni lenye kanga pembeni. Kwa mtoto anayejifunza kukaa, ndani ya macho yako, silioni kuwa dhambi, ila halina mkanda na siku akijua kusimama limekwisha kazi.

Kitu kimoja kuhusu kula chini hakina mjadala: chai na mchuzi wa moto. Juu ya mkeka, birika liko usawa wa mkono wa mtoto. Mezani nako kwenye kiti cha kubana hali ni hiyohiyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu mtoto hana sinia lake na meza yote iko mbele yake. Kiti kirefu chenye sinia kinamweka mbali kidogo na kikombe cha baba. Kwa nyumba inayokunywa chai kutwa nzima, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kusafisha, kila siku, mara tatu

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara 2 hadi 3 kwa siku pamoja na maziwa ya mama, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4, bila kuhesabu asusa. Kwa mwezi ni vikao vingi vya uji, mtori, viazi na parachichi. Kiti utakachokichukia kukisafisha utaacha kukitumia, haijalishi ulikinunua bei gani.

Cha plastiki tupu kinashinda kwa mbali. Unakipeleka bombani, sabuni ya unga, brashi, jua. Kiti cha kubana karibu vyote ni kitambaa juu ya fremu, na kitambaa kina mishono. Chukua kimoja baada ya ndizi za kuponda, ufungue pale mkanda wa katikati unapoingia kwenye kikalio: utakuta unga mweusi uliokauka, na siku ya pili mstari wa sisimizi. Nunua chenye kitambaa kinachovuka chote na kufuliwa, na uliza kama unaweza kukivua bila kufungua skrubu za fremu. Wenye kukaa karibu na bahari waongeze swali la kutu kwenye skrubu za mabano, na ukungu kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko kikiwa bado kibichi. Embe halitoki. Chagua rangi ya embe.

Safarini

Hapa kiti cha kubana kinajilipia. Kina uzito wa mkoba mdogo, vingi vinakunjika bapa, kinaingia chini ya kiti cha basi, kwenye boti ya Unguja au kwenye treni ya SGR. Kwa familia inayokwenda kwa babu kila likizo, au inayoishi Muscat au London na kurudi nyumbani na masanduku yaliyopimwa kilo kwa kilo, hakuna mshindani.

Lakini kumbuka unasafiri na kiti, husafiri na meza. Hotelini ufukweni utakuta meza za plastiki, za magogo yasiyo na ukingo ulionyooka, au za zege nene kuliko bano lolote. Kwa babu utakuta stuli na meza fupi ya sebuleni, ambayo ikibanwa kiti mtoto anakaa magoti yakigusa sakafu. Piga simu kabla. "Babu, ile meza kubwa bado ipo? Ina miguu mingapi?" Atashangaa swali, atajibu. Kama jibu si zuri, beba kile kingine cha safari: kiti kifupi cha sakafuni kinachokunjika. Kina mvuto mdogo kwenye picha, lakini sakafu ipo kila mahali.

Vya mitumba

Sina ubaya na mitumba. Kiti kirefu cha plastiki cha mtumba, kikiwa hakijapasuka na mkanda wake upo, ni ununuzi wa busara. Kwenye kiti cha kubana nakuwa mkali zaidi, na sababu ipo kwenye kumbukumbu za umma. Mwaka 2011 kampuni ya phil&teds iliondoa sokoni Marekani viti vyake vya kubana vya metoo, takriban 54,000. Mipira inayofunika mabano ilikuwa ikikosekana au imechakaa, kiti kikachomoka mezani; na kikichomoka upande mmoja, vidole vya mtoto vinaweza kunaswa kati ya chuma cha kiti na bano. Kuna taarifa za watoto waliobanwa, kusagika au kukatika vidole.

Sasa fikiria mtumba. Kitu cha kwanza kupotea kwenye kiti cha kubana ni ile mipira, na ni kitu ambacho mnunuzi hakiangalii kwa kuwa anaangalia kitambaa. Geuza kiti. Kila bano liwe na mpira wake, laini, usiopasuka, usiozunguka ukiusukuma kwa kidole gumba. Zungusha skrubu mwanzo hadi mwisho. Ikiruka nyuzi, rudisha. Tafuta lebo. Viti vya Ulaya vya aina hii huandikwa nambari ya kiwango cha usalama, EN 1272, na virefu EN 14988. Marekani kiwango cha viti vya kubana ni ASTM F1235, na kimekuwa lazima kwa sheria tangu 2016, kwa hiyo cha huko kilichotengenezwa kabla ya hapo kinahitaji jicho la pili. Hakina lebo, hakina jina, hakina mwaka? Wauzaji ni wengi, nenda kwa mwingine. Na usikubali mpira wa kipande cha ndala uliogundishwa na fundi wa sokoni. Ni ubunifu, lakini huwezi kujua kitashika hadi siku kitakapoachia.

Nani anamlisha?

Swali hili huachwa hadi kiti kimeshanunuliwa. Katika nyumba nyingi za mjini, saa nne asubuhi anayemlisha mtoto ni dada wa kazi au bibi, si wewe uliyesoma maelekezo. Kiti kirefu kikishasimama kimesimama; kosa linalobaki ni kusahau mkanda. Kiti cha kubana kinawekwa upya kila kinapoondolewa, na kila kinapowekwa kuna nafasi ya kukikaza nusu. Skrubu nazo hulegea zenyewe kwa kutikiswa, kwa hiyo hata kilichoachwa mezani kinakazwa kabla ya kila mlo, na kivutwe na kukandamizwa kwa mkono kabla mtoto hajaingia.

Kama utakichagua, mfundishe anayemlisha kwa vitendo, naye akufanyie mbele yako, siyo kwa kumwambia "kaza vizuri". Vizuri ya mtu na mtu ni tofauti. Na bibi akisema hakiamini hicho kiti, usimlazimishe. Mtu asiyekiamini kiti atamshika mtoto kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine, mlo mzima, na mwisho atampakata. Kwa zamu za bibi, mkeka.

Kwa hiyo nani achukue kipi

Mwenye meza nzito ya miguu minne, ukingo bapa, hakuna kioo, na sebule finyu: kiti cha kubana, bila kusita. Kitakaa ukutani kwenye msumari baada ya mlo na sakafu itabaki yako. Anayesafiri sana anaweza kukichukua hata kama si cha kila siku.

Mwenye meza ya kioo, ya mviringo, ya plastiki, au asiye na meza ya kulia kabisa lakini familia inakaa kwenye makochi: kiti kirefu, cha plastiki kama bajeti ni ndogo na usafi ndio kero, cha fundi kama watoto wataendelea kuja.

Wanaokula chini waendelee kula chini, na waongeze kiti kifupi chenye mkanda. Wasinunue meza kwa ajili ya kiti cha mtoto. Nimeona watu wakifikiria hilo.

Mapacha ni kesi ya peke yake. Viti virefu viwili vinajaza chumba, kwa hiyo wazazi wengi wanavutiwa na viwili vya kubana. Usiviweke upande mmoja wa meza, maana umezidisha uzito mara mbili upande huohuo. Viwekwe pande zinazotazamana, kila kimoja katikati ya upande wake. Lakini usihesabu kwamba mmoja atamsawazisha mwenzake. Jaribio la viganja lifanyike kila upande peke yake, kwa sababu kila mlo una dakika ambayo mmoja ameshashushwa kuoshwa mikono na mwingine bado anagombana na uji.